Idonea na Farasi wa Meza ya Juu

Ukitaka kumpata Idonea siku yoyote isiyo Jumapili, fuata vumbi la mbao. Linaanzia kizingitini kwake, linapita mbele ya mlango wetu, na mama hulifagia kila asubuhi huku akisema siku moja atampelekea yule mjane ufagio badala ya mayai. Mpaka leo anampelekea mayai, na mpelekaji ni mimi. Mayai yanachukua muda mfupi kukabidhi, lakini mimi nikifika pale sitoki upesi, kwa sababu sijawahi kuona mahali penye vitu vingi vya kuuliza kama karakana ile.

Idonea ni mwanamke mfupi, mabega yake mapana kama ya mbeba magunia ya kinu. Kidole gumba cha kushoto kimebonyea pale nyundo ilipomkosea zamani. Mumewe, Osbern, alikuwa seremala wa meza, na alipofariki wakuu wa chama cha mafundi na wafanyabiashara wa mji walimruhusu mjane aendelee na kazi kwa jina la marehemu na kwa alama ya marehemu: mikato mitatu ya patasi, kama unyayo wa kunguru. Kila meza ya ukumbi wa chama hapa Marbrook ina unyayo ule chini yake. Watu wakikaa kula husema wamekaa mezani kwa Osbern.

Meza zenyewe si za kukaa mahali pamoja. Mbao ndefu hulazwa juu ya farasi wa mti, yaani viunzi vyenye miguu vya kubebea meza, watu wakala, shukrani zikaimbwa, kisha mbao zinainuliwa, farasi wanaegemezwa ukutani, na pale pale palipokuwa na nyama watu wanacheza ngoma. Kwa hiyo farasi wa meza hana raha. Anabebwa, anaburutwa, anatupwa, anakaliwa na walevi. Asipoungwa vizuri hamalizi mwaka.

Nilimuuliza Idonea kwa nini haungi kwa misumari ya chuma, ikawa kazi rahisi.

"Mwaloni haupatani na chuma," alisema. "Ukiulazia chuma ndani, unatoka machozi meusi, na baada ya muda chuma chenyewe kinaliwa. Mti ufungwe kwa mti."

Akanionyesha. Mguu wa farasi juu umechongwa ulimi, na ile boriti ya juu, ambayo wao huiita kichwa, imechimbwa tundu la kuumeza ulimi huo. Ulimi ukishaingia mpaka bega la mguu, pale unene wake unapoanzia, liguse kichwa, unatoboa kutoka ubavuni na kupigilia msumari wa mti. Hayo hata mimi ningeweza kuyakisia. Ambalo nisingelikisia ni hili: tundu la msumari kwenye ulimi halitobolewi mkabala na lile la ubavuni mwa kichwa. Linasogezwa kidogo kuelekea begani, kiasi cha punje moja ya shayiri. Msumari ukipita inabidi ujipinde, na katika kujipinda unauvuta mguu ndani kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa mtu unaoiweza. Hakuna gundi, hakuna chuma. Nilirudi nyumbani nikiwa sina neno lingine, mpaka baba akaniambia nile kwanza.

"Na ukisogeza punje mbili?" nilimuuliza Idonea siku ya pili.

Alisema mayai ya safari hii ni madogo, kuku wetu wana nini. Nikadhani hakusikia.

Mtu mwingine wa kumjua ni Thurstan, mtunza ukumbi. Yeye ndiye mwenye kutandika mbao na kuziondoa, kupanga farasi, kupiga kabari. Maana kati ya farasi wawili wa meza kubwa kuna boriti ya kuwaunganisha, ncha zake zimetokeza nje ya miguu yao, na kila ncha inafungwa kwa kabari ya mti inayopigwa wakati wa kutandika na kung'olewa wakati wa kukunja. Thurstan alikuwa rafiki wa Osbern tangu utoto, kwa hiyo yeye na Idonea waliitana shemeji, wakitaniana kila walipokutana.

"Shemeji, hawa farasi wako wananenepa," angesema Thurstan akipita na mmoja begani. "Unawalisha nini?"

"Wao ni wale wale. Wewe ndiye unayekonda. Mwambie Sabelina apunguze maji kwenye mchuzi."

"Nikimwambia hivyo nitalala na hawa farasi."

Thurstan, mkewe Sabelina na watoto wao wanakaa chumba cha juu ya lango la ukumbi. Chumba hicho kinakwenda na kazi. Hana kazi, hana chumba.

Sasa nije kwenye karamu ya Mtakatifu Martini. Sisi wa shule ya padri tuliitwa kuimba shukrani, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Baridi ilikuwa imeuma mapema mwaka ule. Mzee Hamo, mkuu wa chama na mfanyabiashara wa sufu, alikuwa amekaa katikati ya meza ya juu, ile ya wakuu, na kabla chakula hakijaingia alisema miguu yake imekufa ganzi, meza isogezwe karibu na moto. Wageni wawili wakashika farasi kichwani, mmoja huku na mmoja huku, wakavuta mbao zikiwa juu. Ni jambo la kila karamu. Kisha ikaletwa nyama ya ng'ombe, haradali, mikate mikavu ya kuwekea nyama, na katikati likatuliwa sufuria kubwa la mchuzi mzito wa njegere, ule unaoendelea kuchemka hata ukishaondolewa motoni.

Hatukusikia kishindo cha kuvunjika. Meza iliinama upande mmoja taratibu, kama mtu anayesinzia, kisha kila kitu kikaondoka kwa pamoja. Mchuzi wote uliishia mapajani mwa Mzee Hamo. Mchuzi wa njegere hautiririki ukaisha, unaganda na kuunguza hapo hapo. Waliuchota kwa mikono yao huku wenyewe wakiungua.

Walipoinua ule ubao, wakakuta farasi mmoja ameanguka kifudifudi, kichwa kimeachana na mguu, na kabari iko chini mbali kidogo, imekaa peke yake kwenye nyasi za sakafuni.

"Nani alipiga kabari?" aliuliza Mzee Hamo. Walikuwa wanamkata suruali wakati huo, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi, mzee," akasema Thurstan.

Basi. Kwetu desturi ni kwamba atandikaye mbao ndiye ajibuye kwa mbao. Wakuu walisema shauri litakaa Jumapili baada ya misa, lakini kila mtu alilijua tayari, na karani wa chama alimwambia Thurstan aanze kufunga mizigo yake polepole. Wanaotaka watumishi huwaajiri kwenye sikukuu hiyo hiyo ya Martini. Ikishapita, hakuna mlango unaofunguliwa mpaka majira ya kuchipua, na mwenye watoto hawezi kungoja huko akiwa nje.

Kesho yake nilikuwa kwa Idonea Thurstan alipoingia na yule farasi aliyevunjika. Siku hiyo hakuna aliyemtania mwenzake.

"Nimeambiwa nikuletee umtengeneze," alisema. "Umtengeneze vizuri, shemeji, wasije wakasema nimewaharibia na mti."

Idonea alimlaza farasi mezani. Alisukuma msumari utoke kwa kijiti na nyundo ndogo, akauvuta mguu, na ulimi ukatoka tunduni kwa urahisi mno, kama jino la mzee. Nilikuwa karibu, nikauona. Ulikuwa umepasuka kutoka kwenye tundu la msumari mpaka ncha. Msumari ulikuwa haujashika kitu. Idonea alivuta aproni yake akaufunika.

Thurstan hakuuona ule ulimi. Alikuwa amekaa kwenye gogo, anazungusha kofia mikononi.

"Nimekesha nikijiuliza," alisema. "Kabari za meza za chini nakumbuka kuzipiga, moja moja. Hiyo ya meza ya juu sikumbuki. Sabelina alikuwa ameniita kwa ajili ya mtoto, nikaenda, nikarudi. Labda niliichomeka tu nikasema nitaipiga baadaye. Mtu unaweza kumwunguza mwenzako hivyo hivyo, shemeji, kwa kuitwa."

Idonea alisema, "Labda uliipiga."

"Kabari iliyopigwa haitembei."

"Labda uliipiga," alisema tena, kwa sauti ya chini, na Thurstan akashukuru kwa kufarijiwa, akaondoka.

Alipotoka nikasogea. Sikuweza kujizuia. "Mbona ufa huu kipande ni cheusi na kipande ni cheupe?"

"Cheupe ni cha jana."

"Na cheusi?"

"Nenda shule."

Nilimwambia siku hiyo hatuna shule, padri ana mafua. Akanitazama kwa namna ambayo nilichukua kikapu changu nikaenda.

Yaliyokuwa ndani ya ule weusi nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kinywani mwake, naye ameniruhusu kuyaandika. Wakati chama kilipoagiza meza ya juu, Osbern alikuwa bado hai lakini macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Aliona mwanga wa dirisha, hakuona mstari wa mkaa juu ya ubao. Hilo hawakumwambia mtu. Idonea akawa anachora, anakata, anatoboa, na Osbern anapigilia na kukata alama, na dukani, mbele ya wateja, husimama Osbern. Farasi wa mwisho alibaki usiku wa kuamkia karamu. Idonea aliukata mguu, akaujaribu, akaona bega limekwenda kombo. Upande mmoja liligusa kichwa, upande wa pili liliacha mwanya unaoweza kupitisha ncha ya kisu. Dawa ya bega la kombo ni moja tu: kulikata upya, na ulimi nao kuushusha. Ni kazi ya muda.

Hakulikata. Alitoboa ulimi punje mbili badala ya moja, ili msumari uvute zaidi uufunge ule mwanya. Akampa Osbern nyundo. Osbern akapigilia, na kweli mwanya ukafungika, bega likalala kama limeota pale. Ila katika pigo la mwisho kulikuwa na sauti ndani ya mti. Si kubwa. Kama mtu amevunja kijiti cha ufagio chumba cha pili.

"Umesikia?" Osbern alimwuliza.

"Msumari umekaa," alisema Idonea.

Osbern alipitisha vidole vyake pale kwenye kiungo, huku na huku. Yeye sasa aliona kwa vidole. Akasema, "Hapa hata unywele haupiti. Idonea, wewe ni fundi." Hakuwa amewahi kumwambia hivyo, na hakuishi kumwambia tena. Kisha akakata unyayo wa kunguru.

Farasi yule alisimama miaka kadhaa kwa sababu uzito wa meza ulimkandamiza chini, na ulimi hata uliopasuka hubeba uzito wa kutoka juu. Asichoweza ni kuvutwa. Kila karamu Idonea aliposikia wanasogeza meza, alisema moyoni labda sauti ile ilikuwa ni ya msumari kweli.

Wiki ile ya kungoja Jumapili, mama aliona kwamba vumbi halifiki mlangoni kwetu. Idonea hakuwa anafanya kazi. Alikikata kipande cha ulimi chenye ufa, akakiweka jikoni juu ya kuni akiwa tayari kukisukuma, akakitoa, akakiweka tena. Mti mkavu vile ungeshika moto kabla hujasema Amina, na asingebaki mtu duniani wa kujua. Alikwenda kanisani siku ya kuungama, akapanga foleni, na alipobaki mtu mmoja mbele yake akakumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka peke yake, akaondoka.

Katikati ya wiki Sabelina alikuja, mtoto mgongoni, amevuta kitanda kwenye mkokoteni wa kuazima.

"Shemeji, tuwekee hiki," alisema. "Tunakokwenda hatujui, na hakibebeki na watu wanaokwenda kwa miguu. Osbern ndiye aliyetuchongea, sitaki kukiuza."

"Weka," alisema Idonea.

"Hakitakubana?"

"Weka tu."

Kitanda kikawekwa katikati ya karakana kwa kuwa hapakuwa na nafasi pembeni. Nilipopeleka mayai siku hiyo, nilimkuta Idonea ameketi mbali nacho, kwenye ngazi ya mlango, kwenye baridi. Nilimwambia atapata mafua kama padri. Alisema ndani hamna mahali pa kukaa.

Jumamosi Thurstan alileta shuka na sanduku la nguo. Idonea alimshika mkono, akamkalisha, akampa kile kipande cha mti.

"Si kabari yako," alisema. "Tazama weusi huu. Mti huu ulipasuka kabla ya siku zote hizi. Walipomburuta farasi, kichwa kilinyanyuka kikakaa upande. Kilipoanguka, mguu ulijipinda, na kabari ikaruka hata kama uliipiga kwa nyundo ya mhunzi."

Thurstan alikigeuza kile kipande kwenye mwanga. Ilimchukua muda. Kisha akaanza kucheka kidogo, na macho yake yakawa na maji.

"Niliipiga," alisema. "Sabelina, uliniita nikiwa nimeshaipiga. Sasa nakumbuka." Sabelina hakuwepo, lakini alimwambia hivyo hivyo. Kisha akauliza, "Kumbe ni kazi ya Osbern?"

Idonea alifungua mdomo.

"Maskini," Thurstan akaendelea. "Tulijua macho yanamwisha, tulinyamaza tu kwa heshima. Basi kesho sema hivyo, shemeji. Yeye haitamwumiza tena. Wafu hawafukuzwi kazi."

"Ehe," alisema Idonea.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko kanisa lilivyojaa. Mzee Hamo aliletwa amebebwa, mguu umenyooshwa juu ya mto, mapaja yamefungwa vitambaa vyenye mafuta ya kondoo. Thurstan alisimama mbele. Idonea akaomba kusema kabla Thurstan hajaulizwa, akapeleka kipande mpaka mkononi mwa Mzee Hamo, akaeleza weusi na weupe, mguu na kabari. Alieleza vizuri. Hata watu wa nyuma walielewa.

"Kwa hiyo ni ufa wa siku nyingi," alisema Mzee Hamo.

"Ndiyo, mzee."

"Tangu Osbern alipoitengeneza."

"Tangu ilipotengenezwa."

Mzee Hamo alitikisa kichwa. "Thurstan, rudisha mizigo yako juu. Nilikuonea. Na Osbern, Mungu amrehemu, alikuwa kipofu na hatukumpumzisha." Watu wakanong'ona kwa huruma. Shauri likawa limekwisha. Mimi nilishasogea mlangoni.

Ndipo Drogo, seremala wa mtaa wa daraja, akasema kutoka benchi lake, hata hakusimama: "Mimi nililisema hilo zamani, mkaniona mwenye wivu. Osbern alishakwisha. Ingefaa kila chenye unyayo wa kunguru mjini kifunguliwe kitazamwe. Mtu asiyeona anatengenezea watu vitanda."

"Ni kweli," alisema mtu.

"Hata kochi la padri," alisema mwingine, na watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Idonea hakucheka. Alikuwa amesharudi karibu na ukuta, akageuka.

"Osbern hakutoboa ulimi huo," alisema. "Nilitoboa mimi."

Akaendelea, kwa sababu hakuna aliyemzuia. Alisema bega lilikwenda kombo mikononi mwake, akaliona, akaficha mwanya kwa msumari. Alisema Osbern aliuliza kuhusu sauti, naye akamdanganya.

"Ulisikia mti ukipasuka," alisema Mzee Hamo.

"Nilisikia."

"Na mimi nimekaa pale kila karamu tangu siku hiyo."

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa nakutazama."

Mzee Hamo aliuangalia mguu wake. Nadhani alitaka kukasirika na hakuwa na nguvu. Wakuu waliinamiana, wakazungumza, karani akasema hukumu: Idonea atoe nta ya mishumaa ya madhabahu ya chama, amtengeneze farasi mpya bila malipo, na tangu leo asikate tena alama ya mumewe. Akate yake, ili kitakachoanguka kijulikane ni cha nani. Drogo alisema hiyo ni zawadi, si adhabu. Aliyeuona uso wa Idonea asingesema hivyo.

Mimi nilidhani Thurstan angemshika mkono. Alikuwa amerudishiwa kazi na chumba siku moja. Lakini alimjia hadi karibu, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Siku ile nilipokuletea farasi, ulifunika kitu kwa aproni. Nilidhani umeficha mkono wenye damu."

"Ulikuwa ni huo ulimi."

"Nikiwa nimekaa pale pale nasema sikumbuki."

"Ndiyo."

"Sabelina akakuletea kitanda, ukakipokea."

"Nilikipokea, shemeji."

"Kuhusu punje zako sina neno," alisema Thurstan. "Mti ni mti. Ila mimi nimelala siku zote hizi nikijua nimemwunguza mtu."

Idonea hakusema samahani. Aliniambia baadaye kwamba neno hilo lilikuwa mdomoni, lakini aliliona dogo kama kulipia nyumba kwa yai. Jioni hiyo alikwenda kumsaidia kubeba kitanda, na Thurstan alisema watatosha yeye na mkewe. Wakakibeba wenyewe mpaka juu ya lango, wakipumzika njiani mara kwa mara, maana ni kizito, na Idonea akasimama mlangoni akitazama mpaka walipofika.

Farasi mpya alimtengeneza kwa gogo alilokuwa amelihifadhi kwa ajili ya jeneza lake mwenyewe. Nilimwona akikata bega lile mara tatu, la kwanza na la pili yakiwa safi kabisa kwa macho yangu. Nilimuuliza alama yake itakuwa nini. Alikaa na patasi mkononi mpaka nikachoka, kisha akakata mstari mmoja tu, mfupi, wa kulala. Nilimwambia huo haufanani na kitu. Alisema ni vizuri hivyo.

Krismasi tuliitwa tena kuimba. Tulifika mapema, Thurstan akiwa bado anatandika. Idonea alikuwa ameleta farasi mwenyewe na alikuwa amesimama kando, amekunja mikono ndani ya aproni. Thurstan alimpokea farasi bila utani, akampanga, akapiga kabari, akaipiga tena. Kisha akatoa kamba ya katani kutoka begani, akaizungusha kwenye kichwa na miguu ya farasi mpya, akafunga fundo. Akaenda kwa wale wengine wenye unyayo wa kunguru, akawafunga nao, kila mmoja, watu wakiwa wanaanza kuingia na kutazama.

Alipofika kwa yule wa mwisho, pale miguuni pa Idonea, alisita. Nadhani aliona haya.

Idonea aliinama, akaijaribu kamba kwa kidole.

"Imelegea," alisema. "Kaza."

Thurstan akaweka goti kwenye mguu wa farasi, akavuta. Idonea akamshikia ncha ya pili ya kamba.